SOMO LETU: MBUNGE ALIYEULIZA HABARI ZA HOLA

Wengi wetu tunamjua mbunge kwa harambee tu. Leo tumwangalie mmoja wa Uingereza, Mama Barbara Castle, maana kazi yake ilifika mpaka kwetu.

Alizaliwa 1910. Mwaka wa 1945 watu wa Blackburn, mji wa viwanda vya nguo, walimpeleka Bungeni, na hakuacha kiti hicho mpaka 1979.

Mwaka wa 1955 alifunga safari kuja Kenya kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyepigwa akiwa mikononi mwa polisi mpaka akafa. Kisha, tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa rungu za askari kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ilitangaza ati walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Mama Castle na wenzake wakauliza Bungeni, wakajibiwa nusunusu, wakauliza tena, mpaka usiku wa tarehe 27 Julai jambo likajadiliwa wazi. Hata Enoch Powell, wa chama kilichotawala, aliilaumu serikali yake mwenyewe. Hakuna waziri aliyejiuzulu kwa ajili hiyo, lakini ule uongo wa maji ulikuwa umeanikwa juani.

Kuanzia 1964 akawa waziri. Alipopewa uchukuzi hakujua kuendesha gari, na bado ndiye aliyeleta sheria ya kuwapima madereva pumzi ya pombe, 1967. Alitukanwa sana! Mwaka wa 1968 akina mama washonaji wa viti vya magari ya Ford huko Dagenham waligoma, naye akakaa nao wakanywa chai wakizungumza. Sheria ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume ilipita 1970. Si kila jambo lilimwendea vizuri: mwaka wa 1969 alitaka sheria ya kuzuia migomo, vyama vya wafanyakazi vikakataa kabisa, ikabidi aiache. Sisi tunaona hapo alikuwa na haraka.

Kazi tunayoipenda zaidi ni posho ya watoto. Zamani, sehemu kubwa ya msaada wa watoto ilikuwa nafuu ya kodi katika mshahara wa baba, na ile posho ya mama haikumhesabu mtoto wa kwanza. Sheria yake ya 1975 iliunganisha yote na kumpa mama mkononi. Mwaka wa 1976 akaondolewa uwaziri, na wenzake wakataka kuahirisha mpango, wakihofu wanaume watanung'unika mishahara ikipungua. Yeye akaupigania akiwa mbunge wa kawaida. Malipo yalianza 1977, yakakamilika 1979.

Alifariki mwaka wa 2002.

Tujadili kikundini:
Katika nyumba zetu, pesa ya watoto hupitia mkono wa nani, na hufika?
Ni swali gani tungependa mbunge wetu aliulize, na nani atampelekea?