Herufi Mbili, Sauti Moja

Zamani watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika herufi hizo, sauti ianzayo neno *shamba* ina herufi yake moja, iitwayo shini. Vivyo hivyo *dhahabu* huanza kwa dhali, na *ghala* kwa ghaini. Herufi za Kirumi, zitumiwazo katika kitabu hiki, hazina herufi moja kwa sauti hizo. Kwa sababu hiyo herufi mbili hufungwa pamoja, mfano wa ng'ombe wawili wenye nira moja wavutao jembe moja. Tazama:

ch – chakula, kucha
dh – dhahabu, fedha
gh – ghala, lugha
kh – masalkheri
ny – nyumba, panya
sh – shamba, mashua
th – thamani, methali
ng' – ng'ombe, kung'oa

Ng' ya *ng'ombe* isichanganywe na ng ya *ngoma*, kwa maana katika *ngoma* sauti ya g husikika.

Herufi moja ikiachwa, neno lote hugeuka. *Shindano* ni la wenye mbio, bali *sindano* ni ya mshonaji.

Palikuwa na mama asiyejua kusoma, na mumewe alifanya kazi mbali. Siku moja alimwambia mwanawe, "Mwandikie baba yako ya kwamba nyani amekula mahindi yetu yote." Mtoto akaandika kwa haraka: "Baba, nani amekula mahindi yetu yote."

Baba aliposoma aliwaza, "Kumbe shambani mna mwizi!" Akamkumbuka jirani ambaye waliwahi kugombania mpaka, akajibu kwa hasira ya kuwa jirani huyo alipe. Jirani aliposikia alihuzunika sana, na nyumba hizo mbili zikaacha hata kuombana moto.

Baada ya miezi mitatu baba alirudi. Alfajiri akawaona nyani shambani wakivunja mabua. Akamwita mwanawe, akamwambia aisome ile barua kwa sauti. Mtoto akasoma, "Nani amekula," akanyamaza, machozi yakamtoka. Siku ile ile baba akaenda kwa jirani kuomba radhi, naye akasamehewa. Uadui wote ule uliletwa na y moja.

Basi, mwanafunzi aandikapo, kwanza na alitamke neno polepole, kisha alitenge silabi kwa silabi bila kuvunja jozi: *nya-ni*, *m-sha-le*, *ng'o-mbe*. Akiisha kuandika, na asome tena alichoandika, wala si alichokusudia.

MAZOEZI

1. Soma kwa sauti: sha, she, shi, sho, shu. Fanya vivyo hivyo kwa ch, dh, ny na ng'.
2. Sahihisha: Kinyozi ananoa nywele. Fundi ananyoa kisu.
3. Tunga sentensi mbili, moja yenye neno *shuka* na moja yenye neno *suka*.