Tundu la Kiini Si Uwazi Tu

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama utando wa kiini una matundu, mbona si kila kitu kinapita?" Nikajibu, "Ni madogo." Jibu la kukwepa, jamani.

Tuchukue hamira ya mandazi. Kila tundu la kiini chake limejengwa kwa protini 500 hivi, za aina kama 30, katika duara lenye sehemu 8 zinazofanana. Nyingine zinashikilia utando. Nyingine zinaning'iniza nyuzi laini katikati. Molekuli ndogo hujipenyeza. Kubwa hupita zikisindikizwa na protini za kubeba mizigo.

Sasa ondoa aina moja tu, Nup116. Kwenye nyuzijoto 37 utando unafunika tundu, RNA yenye maelekezo inakwama ndani, seli inakufa. Na mlango wa dharura hakuna: hamira ikigawanyika, utando wa kiini haubomoki kama wetu.

Kipindi kilichofuata nilimwambia yule kijana nilikosea. Udogo peke yake hautoshi. Mpangilio ndio unaochagua. Walimu watarajiwa wenzangu, tusione haya kurudia somo.