Filta Nyekundu Siku ya Mawingu

Filta nyekundu niliinunua shilingi 45,000 kwenye duka moja jijini Mwanza. Muuzaji aliapa kwamba nikiifunga mbele ya lenzi, katika picha ya nyeusi na nyeupe anga litakuwa jeusi tii na mti utasimama kama umechongwa. Hakudanganya. Alisahau tu kuniambia kwamba anga lenyewe lazima liwe la bluu.

Nililijua hilo Desemba, Kishapu, mkoani Shinyanga, mbele ya mbuyu mnene wenye majani mapya ya mvua, mawingu yametanda tangu alfajiri. Nikapiga picha arobaini hivi. Anga katika zote lilikuwa jeupe kama shuka. Filta ile huzuia mwanga wa bluu, na wingu hurudisha rangi zote karibu sawasawa, kwa hiyo hapakuwa na bluu ya kutiwa giza. Ansel Adams alipotumia filta nyekundu kupiga mwamba wa Half Dome, California, mwaka 1927, juu yake palikuwa na bluu.

Mzee mmoja akapita na ng'ombe zake.

"Mwangaluka, mwanangu. Gari limeharibika?"

Nikamwamkia, nikamweleza kuwa napiga picha mti. Akautazama mbuyu, akanitazama mimi. "Si ungesubiri jua? Huo haukimbii."

Jua halikutoka siku ile. Mambo ya tripodi na kuifunika kamera isilowe unayafahamu, kwa hiyo tuingie kwenye hatua ya kwanza ya kupiga mti chini ya mawingu: liondoe anga kwenye picha. Panda jiwe, elekeza lenzi chini, nyuma ya mti paonekane miti mingine. Shinyanga hilo linawezekana kwa sababu ya ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga ili yapumzike. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 misitu ilifyekwa ili kuwamaliza mbung'o, na mkoa ukaelekea kuwa jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986, na miaka kama 20 baadaye ngitili zilizorudi zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Migunga unayoipiga leo, mingi ilirudi na ngitili hizo. Binafsi naipenda kuliko mibuyu: mvua ikikatika, gome lake huwa jeusi na matawi huonekana moja moja.

Hatua ya pili niliipata kwa bahati, Geita. Huko udongo ni mwekundu kwa kutu ya chuma, si mweusi kama wa mbuga za Shinyanga. Kando ya barabara palikuwa na mwembe, nyuma yake kifusi kilicholoa. Bila filta, majani na kifusi vilitoka kijivu kilekile, mti haukuonekana. Nikaifunga ile filta kwa hasira tu. Kifusi kikageuka cheupe kama unga wa muhogo, majani yakawa meusi, na mwembe ukajitokeza mzima, hadi kitawi kilichovunjika. Majani humeza mwanga mwekundu, udongo ule huurudisha, na wingu halina la kusema hapo.

Sasa hasara. Filta hiyo hula takriban stopu tatu za mwanga: 1/125 ya sekunde inakuwa 1/15, na upepo wa mvua ukivuma majani yanakuwa ukungu. Nilipata picha mbili tu zilizotulia.

Jioni, nyumba ya wageni, nikafungua kwenye simu picha ya rangi ya mwembe uleule. Snapseed ina kifaa cha nyeusi na nyeupe chenye duara za rangi. Nikagusa nyekundu, kifusi kikang'aa vilevile. Nikagusa kijani: majani yakawa meupe, udongo ukawa giza. Bure, bila kupoteza stopu hata moja. Ila lazima picha ipigwe kwa rangi. Ukiiwekea kamera nyeusi na nyeupe ukahifadhi JPEG, rangi zimekwenda na hakuna cha kugusa.

Hatua ya tatu ilikuwa ihusu uchapishaji, lakini bado nina deni la kuzirudia picha zile arobaini za Kishapu. Filta iko kwenye kasha lake, haina mkwaruzo. Anayeitaka, elfu ishirini.