Kukata Picha ya Mgonjwa kwa Amri ya Kompyuta: Kubakiza Dalili, Kuondoa Utambulisho

Picha ya kidonda inayotumwa kwa daktari bingwa aliye mbali huweza kumwepusha mgonjwa na safari ndefu. Hata hivyo, picha hiyo hiyo huweza kubeba uso wake, jina lililoandikwa kwenye jalada lake, au sura ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwa sababu hiyo, picha hukatwa kabla ya kutumwa. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi, kwa kuwa ndugu na majirani humtambua mtu hata kwa umbo la uso au kovu.

ImageMagick ni programu ya bure iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Kwa programu hii, picha hukatwa kwa amri inayoandikwa, na hatua zote muhimu huwekwa katika mstari mmoja ili isisahaulike hata moja. Mfano ni huu:

magick asili.jpg -auto-orient -crop 1600x1200+1400+900 +repage -strip kidonda.jpg

Maana ya kila sehemu ni kama ifuatavyo:

1. -auto-orient huisimamisha picha inavyopaswa kuonekana. Hutangulia kwa sababu vipimo vya kukatia huhesabiwa kwenye picha iliyokwisha kusimamishwa.

2. -crop hubakiza eneo lenye upana wa pikseli 1600 na kimo cha pikseli 1200. Eneo hilo huanzia pikseli 1400 kutoka ukingo wa kushoto na pikseli 900 kutoka ukingo wa juu.

3. +repage hufuta kumbukumbu ya ukubwa wa awali wa picha.

4. -strip huondoa maelezo yasiyoonekana yaliyomo ndani ya faili.

Sehemu ya nne ni rahisi kupuuzwa, ilhali ndiyo yenye hatari kubwa. Picha ya simu hubeba tarehe, aina ya simu na pengine mahali ilipopigwa. Aidha, huweza kubeba nakala ndogo ya picha nzima. Maelezo hayo yasipofutwa, uso uliokwisha kukatwa huweza kubaki katika nakala hiyo, na mwenye ujuzi akautoa.

Kukata kupita kiasi nako kuna madhara. Rula iliyowekwa kando ya kidonda ibaki, kwani bila hiyo ukubwa hauwezi kupimwa. Ngozi nzima inayozunguka kidonda ibaki pia, kwa sababu wekundu na uvimbe wake humsaidia daktari kutambua maambukizi. Katika picha ya eksirei, alama ya kushoto au kulia isiondolewe kamwe. Kuikosa huweza kusababisha upande usio mgonjwa kutibiwa.

Faili jipya lipewe jina tofauti na la asili, wala lisibebe jina la mgonjwa. Picha ya asili ihifadhiwe mahali salama kwa utaratibu wa kituo, isiachwe katika simu binafsi.

Kukatwa kwa picha hakuchukui nafasi ya ridhaa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ni vyema mgonjwa aelezwe picha inatumwa kwa nani na kwa sababu gani, kisha aonyeshwe ile iliyokatwa kabla haijaondoka. Naye asione haya kuomba kuonyeshwa, kwani picha ni ya mwili wake.