Kuishi na Ndugu Mwenye Skizofrenia: Kijitabu cha Familia za Kimbo

Skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo. Hauletwi na laana, mapepo wala malezi mabaya ya mama. Duniani humpata takriban mtu 1 kati ya 300, na mara nyingi huanza mtu akiwa kijana. Wengi hupata nafuu wakitibiwa mapema na kuishi na watu wenye subira.

Dalili za kuangalia

- Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na pengine anajibizana nazo.
- Anaamini kwamba anafuatwa, au kwamba chakula chake kimetiwa sumu.
- Maneno yake hayashikani.
- Anajitenga, haogi, hana hamu ya lolote. Huo si uvivu, ni ugonjwa.

Jinsi ya kuzungumza naye

Akikuambia, "Mama, watu wa ploti wananisema," usibishane naye, wala usijifanye unawasikia. Mwambie: "Mimi siwasikii, lakini naona umeogopa. Njoo tukae." Punguza redio, sema kwa sauti ya chini, jambo moja kwa wakati mmoja.

Nyumba zetu za kupanga zina kuta nyembamba. Mkinong'ona habari zake mlangoni, anasikia, na hofu yake inaongezeka. Jambo linalomhusu, mwambieni mwenyewe. Mgonjwa anayekaripiwa kila siku huugua upya kwa urahisi zaidi.

Dawa

Dawa huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi vizuri. Wengi huziacha wakijiona wamepona, au kwa sababu ya kukakamaa mwili, kutetemeka mikono, usingizi au kunenepa. Msizikatize wenyewe. Mrudisheni kliniki, daktari apunguze kiasi au abadilishe dawa.

Ameze saa ile ile kila siku, kwa mfano baada ya chai ya jioni, kisha mtie alama kwenye kalenda ya ukutani. Akisahau mara kwa mara, ulizeni kuhusu sindano inayodungwa kila baada ya wiki kadhaa. Kamwe msimfichie dawa kwenye uji. Anayeogopa sumu akigundua, hatawaamini tena.

Bangi na pombe huchochea ugonjwa huu. Viondoeni karibu naye.

Pa kwenda

Anzeni hospitali ya Ruiru au Thika Level 5. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, iko kwenye barabara ya Thika, upande wa Muthaiga. Kulazwa huko si aibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu anaweza kuwaelekeza.

Hali ikiwa ya dharura

Akitaja kujiua, akitishia kuumiza mtu, au akikataa kula na kunywa, msimwache peke yake. Ondoeni visu na sumu ya panya. Msimfunge kamba wala kumpiga. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na mtu anayemwamini. Msaada wa simu wa Msalaba Mwekundu hupatikana bila malipo kwa 1199.

Mlezi naye ni mtu

Mzigo ukimwangukia mama au dada mmoja, atachoka, na mgonjwa ataumia. Kaeni leo kama familia mkubaliane: nani atasimamia dawa, nani atampeleka kliniki, nani atapigiwa simu usiku wa manane, na nauli ya dharura itawekwa wapi. Mgonjwa mwenyewe, akiwa ametulia, awepo kwenye kikao hicho na asikilizwe.