Faida ya Kampuni na Mnunuzi wa Hisa

Mtu anunuaye hisa hutazama kwanza faida. Afanya vyema, kwani faida ikigawanywa kwa idadi ya hisa humwonyesha kila hisa imechuma nini. Lakini faida ni hesabu, si fedha mkononi.

Kwa mwaka 2001 kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom, ilitangaza faida ya dola bilioni 1.4. Kumbe ada ilizowalipa wenzake kwa kutumia nyaya zao, gharama ya kila siku, ziliandikwa kuwa mali ya kudumu, ambayo hukatwa kidogo kidogo kwa miaka mingi! Juni 2002 ilikiri kuzipotosha dola bilioni 3.8, Julai ikafilisika.

Ukurasa wa fedha zilizoingia na zilizotoka (wengi huuruka) haudanganyiki upesi hivyo: ziitwe gharama, ziitwe mali, dola zile zilikuwa zimetoka.