Televisheni Inayokata Maandishi ya Chini



Mwezi huu tumeona vema tujifunze juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye televisheni nyumbani, na hata ukumbini tunapotazama filamu pamoja. Picha ni nzuri, rangi zipo, sauti ipo; lakini kingo za picha hazionekani. Mtu aliyesimama pembeni amekatwa bega, na yale maandishi ya tafsiri yapitayo chini yanaonekana nusu, au mstari wa pili haupo kabisa. Kwa mwenye masikio mazima huo ni usumbufu mdogo. Kwa mzee asiyesikia vizuri, au kwa mama asiyeijua lugha ya filamu, ni kama kupewa barua iliyochanwa sehemu ya chini.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: mara nyingi televisheni hiyo si mbovu. Inakata kwa makusudi, kwa desturi ya zamani.

Zile televisheni za zamani zenye kichogo zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliopita mstari baada ya mstari. Umeme ukiyumba, au chombo kikizeeka, picha ilisinyaa au kutanuka. Basi watengenezaji wakaona heri picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo, ili mtazamaji asione ukingo mweusi. Watu wa vituo vya televisheni walilijua jambo hilo, wakajiwekea kanuni kwamba maandishi yakae ndani ya asilimia 80 ya katikati ya picha. Sisi walimu twaielewa kanuni hiyo: katika chuo cha ualimu tuliwakataza wanachuo kuandika hadi ukingoni mwa ubao, maana mtoto aliyekaa nyuma haoni.

Televisheni bapa za siku hizi hazina mwale huo. Kila nukta ya picha ina mahali pake, wala hakuna haja ya kukata. Hata hivyo nyingi hutoka kiwandani zikiwa bado na desturi ile. Tufanye hesabu. Picha ina mistari 1080 kwenda chini. Televisheni ikiikuza hata asilimia 5 ya mistari ikapotea, inapotea mistari 54, yaani 27 juu na 27 chini. Kipindi cha kituo cha televisheni hakidhuriki, kwa kuwa maandishi yake yamewekwa mbali na ukingo. Kinachodhurika ni kile ambacho hakikutengenezwa kwa kanuni hiyo: kazi ya kompyuta, maneno ya nyimbo yanayoonyeshwa ukumbini, na filamu ambayo mtu ameiwekea maandishi mwenyewe.

Sasa tutafute anayekata. Unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI, utazame ule mstari wa chini wenye saa. Usipoonekana wote, anza na televisheni yenyewe. Shika rimoti, fungua menyu ya picha, tafuta mahali pa ukubwa wa picha. Majina hutofautiana. Katika LG nyingi utaona “Just Scan”; katika Sony tafuta “Full Pixel”; katika Samsung, “Screen Fit” au “Fit to Screen”. Kuchagua “16:9” peke yake hakutoshi katika televisheni nyingi, maana huko ndiko desturi ya kukata ilikojificha. Tena kumbuka kwamba televisheni nyingi huweka mpango wa kila tundu peke yake: ukirekebisha tundu la king'amuzi, la kompyuta linaweza kubaki kama lilivyokuwa.

Pengine mkosaji ni mtu wa nyumbani. Filamu nyingi za sinema ni pana kuliko kioo, kwa hiyo huja na utepe mweusi juu na chini, na mara nyingine maandishi huwekwa ndani ya utepe ule wa chini. Kijana anauchukia weusi huo, anabonyeza “Zoom”, picha inajaa kioo, na maandishi ya bibi yanakwenda zake. Kuuvumilia weusi ni bora.

Kwa wenye televisheni ya kichogo iliyounganishwa na king'amuzi, tatizo huwa zaidi pande za kushoto na kulia. Kioo hicho ni 4:3, na vipindi vingi sasa ni 16:9. Katika menyu ya king'amuzi, “Pan & Scan” hukata pande; “Letterbox” huonyesha picha nzima kwa kuipunguza.

Kompyuta nazo zina njia ya kuipunguza picha ili itoshee. Twashauri iwe ya mwisho. Kompyuta ikipunguza, kisha televisheni ikakuza, picha imepimwa upya mara mbili, na herufi ndogo zinapata ukungu. Tena wenye kuzihitaji herufi hizo mara nyingi ni wenye macho yaliyochoka.

Ikiwa mstari wenye saa unaonekana wote na filamu bado imekatwa, basi ilikatwa na aliyeinakili. Hapo rimoti haisaidii. Itafutwe nakala nyingine. Lakini kama maandishi yapo katika faili yake peke yake, programu nyingi za kuonyeshea filamu zinaruhusu kuyapandisha juu kidogo na kuyakuza. Jambo hilo lifanywe kabla watu hawajaketi.